Jinsi ya kutengeneza bendera ya nchi ya kubuni pamoja na bendera zake za meli na serikali, kuanzia kwenye karatasi mpaka kwenye cherehani

Mi ni fundi cherehani hapa Mwanjelwa, Mbeya, kazi zangu za kila siku ni sare za shule, mapazia na mashuka, ila kuna vijana wa kikundi cha maigizo toka Uyole walinijia wanataka bendera. Igizo lao linahusu nchi ambayo rais wake ni mwizi, na walikuja na wazo la kuchukua bendera yetu wabadilishe badilishe rangi kidogo. Nikawaambia hapo hapana, nembo za taifa zina sheria yake na cherehani yangu haiingii huko, tubuni nchi yetu wenyewe tutembee nayo. Ndo ikazaliwa Jamhuri ya Ukungu, nchi ya milimani yenye ziwa, ina meli za mizigo, ina jeshi dogo la maji na rais mwenye tumbo kubwa. Kilichonichosha sio kushona, ni kurudia rudia, kwa iyo naandika hapa ili wewe unaetaka kutengeneza ya kwako, iwe ya igizo, ya gemu au ya hadithi unayoandika, usipite njia niliyopita.

Hatua ya kwanza, nchi kwanza, mchoro baadae. Wale vijana walikuja na picha kwenye simu, ndani yake kuna mlima, ziwa, mkungu wa ndizi, kahawa, mhindi, fahali, mikuki miwili na utepe chini umeandikwa "Bendera hufuata upepo", eti ndo kauli mbiu ya taifa. Nikacheka kwanza maana kwa rais yule inamfaa. Alafu nikawauliza swali moja tu, hii mnataka nishone au nichore? Picha ya kwenye simu unaiangalia ikiwa karibu na pua, bendera inaangaliwa ikiwa juu ya mlingoti upande wa pili wa uwanja, imejikunja, upepo unaivuta huku na huku. Mhindi na fahali kwa umbali ule vinaonekana madoa tu. Kipimo changu ni hiki: mwonyeshe mtoto wa darasa la tatu mara moja, ficha, mpe kijiti achore chini kwenye udongo. Akikwama punguza vitu. Jirani zetu wa Malawi wana jua jekundu lenye miale 31 kwenye bendera yao, idadi imewekwa kwa sababu ilikuwa nchi ya 31 ya Afrika kupata uhuru, maana yake nzuri kabisa, ila we mshonee mtu miale 31 kwa mkono alafu uje tuongee.

Jiulize kitu kimoja ambacho kila mtu wa nchi yako anakutana nacho, tajiri na maskini. Kwa nchi yetu jibu lilikuwa ukungu wenyewe, mtu yeyote aliyepita Isyonje kule milimani asubuhi ya mwezi wa sita akiwa amewasha taa za gari anaelewa. Kwa iyo ukungu ndo ukawa katikati ya bendera, mlima na ziwa vikafuata, vingine vyote tukatupa. Ua la pareto tukaliweka akiba, utaona kazi yake mbele.

Hatua ya pili, rangi, na hapa tulipigwa mweleka mara mbili. Mara ya kwanza tukapanga mistari mitatu ya kulala, kijani juu ya milima, nyeupe ya ukungu, bluu ya ziwa chini. Safi sana, tukapongezana, mpaka binti mmoja wa kikundi akasema jamani hii si Sierra Leone? Kweli, ni Sierra Leone vile vile. Tukageuza bluu juu kijani chini, tukaikuta Lesotho, wenyewe wana kofia yao nyeusi ya asili katikati ila ukiitoa kofia ni sisi. Usijisikie vibaya ikikukuta, nchi za kweli zimekutwa nayo. Haiti na Liechtenstein walifika kwenye Olimpiki ya 1936 kule Berlin ndo wakagundua bendera zao zimefanana, na mwaka uliofuata Liechtenstein wakaongeza taji. Chad na Romania mpaka leo ukiziweka pembeni kwa pembeni unahitaji jicho kali. Kwa iyo kabla hujanunua kitambaa pitia bendera za nchi zote, ni kazi ya jioni moja tu.

Sisi tulijinasua kwa kukunja ule mstari mweupe ukawa kama paa la nyumba, yani mlima. Juu ya paa kijani, chini ya paa bluu, basi. Hatukuona nchi nyingine yenye hiyo.

Kuhusu kupanga rangi kuna kanuni ya zamani ya wachora ngao wa Ulaya: nyeupe na njano zinahesabika kama madini, fedha na dhahabu, zinazobaki ni rangi, na rangi isilale juu ya rangi bila madini kati yake. Sio amri ila jicho linaikubali. Angalia bendera yetu ya Tanzania, ile mistari ya njano maana yake ni madini ya nchi, lakini kwa jicho inafanya kazi nyingine, inatenga nyeusi na kijani upande mmoja, nyeusi na bluu upande wa pili. Wakenya wametumia nyeupe kwa kazi hiyo hiyo. Kijani iliyokoza na bluu iliyokoza zikigusana, ukirudi nyuma hatua hamsini unaona giza moja tu. Njia ya haraka ya kupima ni kuipiga picha kwa simu alafu ibadilishe iwe nyeusi na nyeupe, kama mpaka umepotea badilisha.

Na usichague rangi kwenye kioo cha simu. Nenda dukani, omba vipande, toka navyo nje juani. Nyekundu hasa, ukishindwa kabisa kuikwepa, jua kwamba jua linaikula mapema kuliko nyingi.

Hatua ya tatu, vipimo. Andika kwa sehemu, sio kwa sentimita, maana leo unashona kubwa kesho utaambiwa ya mezani. Bendera yetu ni sehemu 12 kwenda juu na 18 kwenda mbele, yani 2 kwa 3, uwiano ule ule wa Tanzania, Kenya, Zambia na Malawi. Nchi nyingine wana yao, Uingereza mara nyingi 1 kwa 2, Uswisi mraba, Qatar ndefu kama mkeka 11 kwa 28, na Nepal wao wameacha kabisa pembe nne. Chukua daftari la hesabu lenye viboksi, boksi moja sehemu moja, alafu chora hivi: kwenye kingo zote mbili za pembeni hesabu sehemu 9 toka juu weka nukta, katikati ya bendera hesabu 2 toka juu weka nukta, unganisha, hapo umepata mgongo wa paa. Shuka sehemu 3 kila mahali, chora mstari mwingine sambamba, utaona unaanzia kwenye pembe za chini kabisa na kilele chake kiko sehemu 5 toka juu. Kati ya mistari hiyo ni nyeupe. Hayo maneno uliyosoma sasa hivi ndo sheria ya bendera, yaandike vizuri yatunze, mtu wa Tunduma asiyekujua akiyasoma anashona ile ile.

Hatua ya nne, kitambaa. Pamba ni nzuri kwa sherehe ya ndani, ila nje ikinyeshewa inakuwa nzito inaning'inia kama taulo. Polista nyepesi au nailoni inapepea hata kwa upepo mdogo na inakauka haraka. Satini inang'aa kwenye picha lakini inatoka nyuzi balaa, mi siitaki. Alafu usisahau kupima kuchuja! Bendera yetu ya kwanza ilipelekwa Tukuyu kwa siku moja tu, na mvua ya Tukuyu mnaijua, ikarudi ule ukungu mweupe umekuwa wa bluu bluu kama shati lililofuliwa na jinzi. Kosa langu, niliamini neno la muuzaji. Siku hizi nalowesha kipande, nakiweka juu ya kitambaa cheupe, napiga pasi ya moto, kikiacha alama nakirudisha dukani.

Hatua ya tano, kukata na kushona, hapa nitakaa kidogo. Tuseme unashona ya sentimita 120 kwa 180, yani sehemu moja ni sentimita 10. Wengi wakiona lile paa wanafikiria kukata kijani kwa umbo la M alafu wahangaike na kona ya ndani pale kileleni, na kona ya ndani ndo inapokunjamana. Mbinu yangu, gawa bendera katikati kwa kusimama, upate nusu mbili za 90 kwa 120. Kila nusu ina vipande vitatu na mishono miwili iliyonyooka tu, hamna kona hata moja. Ukimaliza nusu zote mbili unaziunganisha katikati kwa mshono mmoja wa kusimama, na paa linajitokeza lenyewe. Ule mshono wa katikati tumia uzi wa rangi ya kila eneo, ukisogea hatua kumi hauonekani.

Angalia mtego huu. Ule mstari mweupe ukiupima kwa kusimama ni sentimita 30, lakini umelala mshazari, kwa iyo upana wake halisi ukipima toka ukingo hadi ukingo ni kama 23.7. Nimeona fundi mwenzangu amekata utepe wa 30, paa likanenepa, bluu ikabanwa chini, tukafumua yote. Urefu wa kila mshono wa mshazari ni sentimita 114. Tengeneza patani za karatasi kwanza, hata gazeti linafaa, ongeza 1.5 kila panapopita mshono, 3 juu na chini kwa ajili ya pindo, na 6 upande wa kupepea, yani ule wa mbali na mlingoti.

Kitambaa kikikatwa mshazari kinavutika, hiyo kila fundi anajua. Kijani na bluu lazima zikatwe mshazari kwenye huo mstari, kwa iyo cheupe kikate kifuate uzi wa kitambaa kwa urefu wake, kitawashika wenzake wasivutike. Pini kila baada ya kiganja, na wakati unashona usivute kwa nyuma, iache mashine ipeleke yenyewe. Mshono uwe wa kulaza, ule wa pembeni ya suruali ya jinzi: shona, punguza upande mmoja ubaki kama 0.7, kunja ule mpana uufunike, laza, piga mstari wa pili. Bendera haina ndani na nje, inaangaliwa pande zote, nyuzi zikining'inia nyuma ni aibu. Uzi uwe wa polista, sindano namba 14, na hatua za mashine zisiwe ndogo sana, ukizibananisha unatoboa kitambaa kama stempu na upepo unachana hapo hapo.

Ukifika kuunganisha nusu mbili, anza na pini pale kilele cha juu cha nyeupe kinapokutana na mwenzie, alafu kilele cha chini, ndo uende kwingine. Vikipishana hata nusu sentimita kila mtu ataona, huwezi kudanganya.

Upande wa kupepea ndo unakufa kwanza. Kunja pindo mara tatu, piga mistari minne ya mshono, na kwenye kona mbili weka kiraka cha pembetatu kwa ndani. Kama bendera inaenda sehemu kama Makambako ambako upepo haupumziki, mi naongeza mistari miwili tena. Upande wa mlingoti weka utepe wa turubai au kitambaa cha mkanda, upana kama sentimita 4, kamba ipite ndani yake au gonga ringi za shaba juu na chini.

Hatua ya sita, bendera za serikali na meli. Watu wengi wanaobuni nchi wanaishia kwenye bendera ya taifa, na hapo ndo nchi inaonekana ya karatasi. Nchi yenye maji ina bendera kadhaa, na kila moja inajibu swali la nahodha wa mbali: wewe ni nani, mfanyabiashara, serikali au jeshi? Na usiseme nchi yangu haina bahari. Uswisi haina bahari lakini ina bendera ya meli zake, na wakaifanya 2 kwa 3 wakati ya nchi kavu ni mraba, Bolivia nayo haina pwani ila ina bendera ya jeshi la maji. Hata hapa kwetu nenda Kyela bandarini uone meli za Ziwa Nyasa, bahari ipo mbali huko.

Kuna njia mbili kubwa. Waingereza wanachukua bendera ya taifa wanaiweka ndogo kwenye pembe ya juu karibu na mlingoti, alafu uwanja uliobaki unasema kazi: nyekundu meli za biashara, bluu vyombo vya serikali, nyeupe yenye msalaba mwekundu jeshi la maji. Makoloni mengi yalirithi mtindo huo na baadae kuubadilisha, India kwa mfano waliondoa ule msalaba kwenye bendera ya jeshi lao la maji mwaka 2022. Njia ya pili ni ya watu wa kaskazini ya Ulaya, Denmark, Norway na Sweden: bendera ni ile ile ila ya jeshi inakatwa mwisho wake kama mkia wa mbayuwayu, Norway na Sweden wanaacha na ulimi katikati. Nikachagua hii, kwa sababu kushona bendera ndogo ndani ya bendera ni kazi mara mbili, na kwa sababu kanuni yangu ni kubadilisha kitu kimoja tu toka kwa mama, yani bendera ya taifa. Ukibadilisha viwili mtoto hafanani tena na mama.

Kwa Ukungu tukapanga ivi. Meli za mizigo na abiria zinapandisha bendera ya taifa kama ilivyo. Vyombo vya serikali, forodha, polisi wa ziwani na boti ya daktari, wanaongeza ua la pareto kwenye kijani ya pembe ya juu, upana sehemu 4, kitovu chake sehemu 3 toka juu na 3 toka mlingotini, petali 8 nyeupe na moyo wa njano (pareto la kweli lina petali zaidi, tulia). Ua unalishona hivi: bandika kitambaa cheupe mbele, zungushia zigizaga ya kubanana, geuza nyuma, kata kijani iliyobaki ndani ya zigizaga kwa mkasi mdogo. Sasa ua linaonekana pande zote kwa kitambaa kimoja. Ndo maana sikutaka maandishi, maandishi ukiyafanya hivo upande wa pili yanasomeka kinyume, inabidi ushone bendera mbili mgongo kwa mgongo na inakuwa nzito.

Jeshi la maji: bendera ya taifa yenye mkia wa mbayuwayu. Ukingo wa kupepea kata mdomo kuanzia sehemu ya 2 toka juu mpaka ya 8, uingie ndani sehemu 3 na ncha iwe kwenye sehemu ya 5. Nimeupima ukae wote ndani ya kijani usiguse nyeupe. Ile ncha ya ndani usiiache kali, ipinde iwe duara dogo na weka kiraka, la sivyo siku ya pili imechanika mpaka kwenye paa. Kibendera cha omo, yani cha mbele kabisa ya meli ya jeshi, ni kijani tupu na ua katikati. Ya rais ni mraba wa bluu, ua katikati, ukingo mweupe pande zote, na yule muigizaji akaomba matamvua ya dhahabu. Nikamwekea, nchi yake bwana.

Hatua ya saba, kupandisha. Mlingoti uwe kama mara nne ya urefu wa bendera, kwa hii ya 180 tafuta wa mita 7 hivi. Siku ya msiba usiipandishe moja kwa moja mpaka nusu, ipeleke juu kabisa kwanza ndo uishushe, na jioni ukiitoa unairudisha juu kabla ya kuishusha yote. Yetu ukiigeuza juu chini mlima unakuwa bonde, kwa iyo nimeshona alama ndogo ya uzi mwekundu kwenye turubai upande wa juu.

Kwenye chombo bendera ya taifa inakaa tezi, nyuma kabisa, na kibendera cha jeshi kinakaa omo, nacho ni cha wakati meli imetia nanga au imefunga gatini, ikiondoka kinashushwa. Jeshi la maji kwenye nchi nyingi wanapandisha saa 2 asubuhi na kushusha jua likizama. Chombo kikiingia maji ya nchi nyingine kinapandisha bendera ya wenyeji upande wake wa kulia kama heshima, na meli ya biashara ikipishana na ya kivita inashusha bendera yake kidogo alafu inairudisha, hiyo ni salamu. Sisi tulipoenda Matema kurekodi, vijana wakaifunga bendera ya taifa omo kwenye mtumbwi wa kukodi sababu kamera ilikuwa mbele. Mzee mwenye mtumbwi akaangalia weee, akasema, "Wanangu, hiyo mnaenda au mnarudi?" Tukaihamisha tezi, na kamera ikahamia boti ya pili.

Ukimaliza kurekodi usiikunje mbichi. Suuza kwa maji ya baridi, ianike kivulini, na pale uzi wa upande wa kupepea unapoanza kutoka kata ukunje pindo upya mapema, ikishapungua sana ukawa umepoteza uwiano igeuze ya mazoezi na ushone nyingine. Patani za magazeti usitupe, mi za Ukungu nimezitundika ukutani nyuma ya cherehani mpaka leo na wiki iliyopita wamekuja tena, rais amepinduliwa, wanataka bendera mpya.